Nilivyousoma Mchoro Wako

Kitale, Jumapili

Wekesa rafiki yangu,

Jana nilikuwa kwenu Myanga. Leo mlinzi amenifungulia studio na nimeketi kwenye meza yako, ile ya karibu na dirisha lisilofungika. Nilihamia hapa wiki ya pili baada ya mazishi na hakuna aliyeniuliza kwa nini.

Ninakuandikia kwa penseli. Nikikosea nitafuta, ingawa mkate sina. Unaukumbuka mkate wako? Ulikuwa unakula ganda, halafu ule ulaini wa ndani unaufikicha juu ya karatasi mpaka weusi wa penseli utoke. Ulisema raba inaikwaruza karatasi lakini mkate unaibembeleza. Mimi nilikuwa nakuambia unatafuta tu sababu ya kununua mkate kila siku.

Chuo kimeletewa kompyuta mbili. Tunapanga foleni kuzitumia, na mwalimu wa studio anasema tutakapomaliza masomo hakuna atakayetuuliza kama tunajua kushika kalamu ya wino. Ungebishana naye hadi saa ya chakula. Sasa hakuna anayebishana naye, na yeye mwenyewe naona amechoka kusema peke yake. Kule nyumbani mahindi yamevunwa. Baba bado anaulizia yule kijana wa Bungoma aliyepima ghala letu kwa nyayo akamwambia limeinama. Nimemwambia mara mbili kwamba ulifariki. Anaitikia, halafu anasahau, au labda hataki kukumbuka.

Lakini sikukuandikia kwa ajili ya hayo. Kuna jambo nililifanya nyumbani kwenu siku zile za msiba, na ingefaa wewe ndiwe uwe wa kwanza kulisikia. Umekuwa wa mwisho. Nisamehe kwa hilo pia.

Unajua mradi wetu wa muhula ule, nyumba ya mtu mmoja. Sisi wengine tulichora nyumba za watu tusiowajua, daktari wa Nairobi, mzungu mwenye mbwa. Wewe ulichora simba yako, nyumba ambayo kijana wa kiume wa kwenu hujijengea katika boma la baba yake. Ulisema utaijenga ukimaliza chuo. Chumba kimoja, baraza, rafu ya kuweka karatasi, na dirisha la chini ili mtu akiketi aone shamba. Mwalimu alitaka tuchore kwa kipimo cha moja kwa hamsini. Wewe ukachora kwa moja kwa ishirini na tano, kwa sababu, ulivyosema, nyumba ndogo ikichorwa ndogo inapotea kwenye karatasi. Ulimaliza kwa penseli. Vipimo hukuviandika. Vipimo, kwako, vilikuwa vya siku ya wino.

Kisha ukashikwa na homa, na siku ya nne ukawa hupo.

Nilipofika kwenu nilikuta wazee wameshaamua. Mwanamume wa umri wako hawezi kutolewa katika nyumba ya mama yake kwenda kaburini. Lazima uwe na nyumba yako, hata kama ni ya siku tatu. Wewe uliyechora nyumba kumi na moja, nilizihesabu kwenye bomba lako la michoro, hukuwa na hata moja ya kulalia. Baba yako aliuliza kama kuna yeyote anayejua jinsi ulivyotaka iwe, kwani ulikuwa ukimsimulia. Nikasema ninao mchoro. Nilikuwa nimekuja nao ili nimpe mama yako. Akasema basi ijengwe hivyo hivyo.

Kwa hiyo tulisimama pale nyuma ya migomba, mimi na Fundi Nyongesa, mimi nikisoma na yeye akipigilia vigingi. Kwa kuwa hukuandika vipimo, nilipima mistari kwa ile rula yangu ya pembe tatu. Unaijua rula hiyo. Upande wa ishirini na upande wa ishirini na tano ziko kwenye uso mmoja, unaigeuza tu. Niliona umeandika moja kwa ishirini na tano pale chini kwenye kona. Niliona kabisa. Lakini nilikuwa nalia na kujipangusa, na rula niliishika upande wa ishirini.

Kila kitu kikapungua sehemu moja ya tano. Chumba cha mita tatu kikawa mita mbili na nukta nne. Na mlango ulioupa sentimita tisini, nikausoma sabini na mbili.

Fundi alisimama. Huyo mzee hapimi kwa mita, ilibidi ahesabu kwanza kichwani.

"Futi mbili na inchi nne? Huo si mlango wa choo, dada?"

Nilikasirika, Wekesa. Nilidhani anakudharau. Nilidhani hajui kwamba wewe ulikuwa na sababu zako za kila kitu, hata dirisha lile la chini. Nikamjibu, "Ndivyo alivyochora."

Akapigilia. Kuta zikakandikwa, mabati yakapanda, na kwa siku mbili nyumba ikawa imesimama. Mimi niliiona kuwa ndogo. Nilijiambia nyumba zote huwa ndogo kabla ya kuwekwa vitu. Shangazi zako walikuwa wananiuliza mimi ni nani wako, na nilipowajibu kwamba tunasoma pamoja walicheka wakasema ati hata wao walisoma pamoja na waume zao. Hicho ndicho kicheko pekee nilichokicheka wiki ile.

Ulipoletwa walikubeba watu sita. Mlangoni wakakwama. Vishikio vya jeneza viligonga miimo ya mlango, wakarudi nyuma, wakajaribu tena, wakakwama. Mchungaji aliacha kuimba. Mwisho walikuinamisha, upande mmoja juu na upande mmoja chini, ndipo ukapita. Mama yako alikuwa amesimama karibu nami. Akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Mnamlaza mtoto wangu upande kama kitanda."

Hapo ndipo nilipojua. Sikuhitaji kutoa rula. Niliijua ile sehemu moja ya tano kama mtu anavyojua amesahau kitu kwenye moto.

Na baba yako mdogo, Mzee Barasa, akatikisa kichwa akawaambia wenzake, "Huyu ndiye tulipeleka shule ya kuchora nyumba. Mlango wake mwenyewe umemshinda." Wachache wakacheka kile kicheko cha matangani. Si kwamba walikuwa na ubaya. Walikuwa wamechoka na wana huzuni. Lakini walikucheka wewe, na mimi nilikuwa nimesimama pale na rula mkobani, nikanyamaza. Nikala chakula chenu. Nikarudi Kitale, na mchoro nikaondoka nao.

Nilijiambia maneno ya msibani husahaulika. Hayakusahaulika. Nasikia huko sokoni Myanga fundi akikosea kipimo wanamwambia amepima kama mwana wa mwalimu, yaani wewe. Hata hilo ningelivumilia, Mungu anisamehe. Kisha mwezi uliopita dada yako Nasimiyu akanitumia ujumbe kwa simu. Amepata alama za kujiunga na chuo chetu na anataka kuchora kama wewe. Kikao cha familia kimesema hapana. Mzee Barasa ndiye aliyesema zaidi, kwamba masomo hayo walishayaona matokeo yake, na kwamba aende ualimu kama baba. Ujumbe wenyewe ulikuwa mfupi. "Njeri, wamesema hapana. Ati kwa sababu ya mlango."

Nilienda kuwaambia mara ya kwanza Jumamosi ya wiki iliyopita. Walinipokea vizuri mno. Mzee Barasa alinipa kiti chake akasema angalau mimi ninasoma kwa makini. Nikanywa chai, nikaulizia ng'ombe, nikarudi bila kulisema. Ndani ya matatu, kutoka Kanduyi hadi hapa, sikuinua uso.

Jana nimerudi tena. Nilikataa chai mlangoni, wakajua kuna jambo. Walikuwepo baba yako, mama yako, Mzee Barasa, na Nasimiyu amesimama karibu na kabati. Niliutandaza mchoro wako mezani. Nilikuwa nimeupaka wino mwenyewe na kuviandika vipimo vyote jinsi ulivyovikusudia, mstari kwa mstari, wiki nzima. Nikawaonyesha rula, upande huu na upande ule. Nikasema, "Wekesa alichora sawasawa. Mimi ndiye niliyesoma vibaya. Na fundi aliponiuliza, nikamsingizia Wekesa."

Mzee Barasa hakuamini. Alimtuma mtu kumwita Fundi Nyongesa, wakaenda na futi nyuma ya migomba, wakapima mlango, wakarudi wakapima mchoro. Walichukua muda mrefu. Fundi hakunitazama. Alisema tu, "Nilimuuliza huyu." Mzee Barasa akavua kofia akaishika magotini. "Basi tumemsema marehemu bure," akasema.

Nilitaka nikalipe kosa langu kwa kazi. Nikaomba mlango upanuliwe, nije mwenyewe nisaidie kukandika. Baba yako akanieleza kwa upole kwamba nyumba ya namna hiyo haitengenezwi. Haiguswi. Huachwa mpaka ianguke yenyewe. Kwa hiyo itabaki vile nilivyoisoma, Wekesa, mvua baada ya mvua, na kila apitaye ataiona.

Nilipoinuka kwenda ndipo mama yako aliposema.

"Ungesema wakati fundi alikuuliza, tungepanua kabla hajaingia."

Hakusema kwa hasira. Ingekuwa hasira ningejua la kufanya nayo. Akaingia jikoni na hakutoka kuniaga. Sijui kama atawahi kunipenda tena jinsi alivyonipenda siku zile za msiba, alipokuwa ananiita binti yake. Sidhani ninapaswa kumwomba.

Kuhusu Nasimiyu, baba yako alisema wataongea upya. Mzee Barasa aliitikia kwa kichwa. Sio ndiyo, lakini sio lile hapana la kwanza. Nasimiyu alinisindikiza hadi barabarani na njia nzima hakuongea nami. Tulipofika aliniomba rula. Nilimwachia. Alikuwa anaigeuza, anaangalia upande mmoja, halafu mwingine.

Ninakuahidi hivi. Wakimruhusu aje, meza hii nitamwachia, na nitakaa naye kila mradi mpaka amalize. Wasipomruhusu, nitarudi Myanga tena na tena niyaseme yale yale, na sitakunywa chai kwanza. Na pale sokoni, nikimsikia mtu akikutaja kwa ajili ya mlango ule, nitataja jina langu.

Lala salama, rafiki yangu. Mlango wako ulikuwa wa sentimita tisini.

Njeri