Safu ya Sita

Kaka yangu Wafula,

Natumaini barua hii imekukuta umeshiba, kwa sababu ukiisoma na njaa utanikasirikia mara mbili. Goti la mama linaendeleaje na baridi hii? Na yule ng'ombe wako mwekundu, amezaa au bado anatuchezea shere? Mimi mwili wangu ni mzima. Ya moyo utayakuta huko mbele. Nimeandika kwa karatasi na kumpa mwalimu Simiyu aje nayo, kwa sababu kwenye simu ningelia, na wewe mtu akilia husema mtandao unasumbua, ukakata. Usiisome mbele ya watu. Mama msomee sehemu ya salamu tu.

Unamkumbuka Furaha, yule Mkongo jirani yangu wa mlango wa pili? Ulipokuja Nairobi kutibiwa jicho ulikula chapati zake nne, ukamsifu mpaka akaona haya. Halafu ulipofika nyumbani ukanipigia, ukaniambia nijihadhari, mkimbizi ukimpa mahali pa kuweka kikapu kesho atataka kitanda. Nilicheka. Mungu akusamehe kwa kusema, na mimi anisamehe kwa kucheka.

Furaha aliikimbia vita Bukavu akiwa na mimba. Mume alibaki njiani, na namna alivyobaki hakunieleza hata siku moja. Alimzaa Neema hapa hapa, ndiyo maana wapangaji wa ploti nzima walimwita Mama Neema. Alikuwa akiwauzia vibarua chapati za mchana kwenye geti la kiwanda, na akirudi saa tisa anafua nguo zake pamoja na zangu bila kuniuliza. Neema sasa ana miaka saba. Mimi, ambaye unajua nilivyorudishwa kwetu kwa kukosa mtoto, ndiye niliyekuwa nikimsuka nywele kila Jumapili.

Mambo yalianzia kwenye bomba. Maji yalikuwa yanakuja mara mbili kwa wiki. Oti, mwanamume mzima mwenye ndevu, ambaye kazi yake duniani ni kukalia mtungi na kupanga foleni ya wenzake, akaamua kuwe na foleni mbili: ya wenyeji na ya wageni. Wageni wachote wenyeji wakimaliza, na hapa maji huisha kabla ya foleni.

"Mama Neema, toa mtungi. Wasee wa Kongo ni nyuma," akamwambia.

"Oti, mi niko hapa tangu saa kumi na moja."

"Hata kama. Si mko na mto mkubwa huko kwenu? Rudini mkachote."

Watu wakacheka. Wakacheka wale wale ambao wiki hiyo walikuwa wakitumiana video ya dada zetu wanavyotukanwa na mabosi wa ng'ambo kwa sababu ya weusi wao, wakilaani ubaguzi mpaka mate yanaruka. Kaka, nilikasirika. Nikauchukua mtungi wa Furaha nikauweka mbele ya wangu. Oti akaupiga teke ukaviringika mpaka mtaroni. Na siku hiyo nikaamua kuwa shujaa, heri ningebaki kuwa mwoga kama wengine.

Nilimwendea Mama Shiro, mwenyekiti wetu wa akina mama, mwanamke anayependa maandamano kuliko wali. Tukaita mkutano kwenye ukumbi wa kanisa, wakaja akina mama wa kanisa na wa msikiti, wakaja Wakongo, Wasomali, Warundi. Tukakubaliana kuandamana Jumamosi, kutoka ukumbini mpaka soko la Burma na kurudi, kupinga ubaguzi na kusema wakimbizi ni majirani zetu. Nikachaguliwa mwandishi. Nani mwingine? Mimi ni karani wa ghala la mahindi pale Muthurwa, kutwa kucha naandika magunia.

Na unajua nani alinifundisha. Ulipokuwa mwandishi wa kanisa ulinipa rula na kalamu nikiwa darasa la tano, ukaniambia mkutano bila orodha ya waliohudhuria ni soga tu. Kwa hiyo nikafanya vile Mkenya yeyote angefanya, hata kwenye kikao cha matanga: nikachora karatasi ili izunguke. Jina, nambari ya nyumba, kitambulisho, simu, sahihi. Hizo ni safu tano. Nikaiangalia, nikaona bado kuna nafasi upande wa kulia. Nikachora safu ya sita, kwa rula, nikaiandika juu: Atokako. Nilitaka tujue nani atasimama kutueleza mateso ya kwao. Hakuna aliyenituma, kaka. Ni ujuzi wangu mwenyewe ulioniwasha.

Karatasi ilipomfikia Furaha, akaishika kama mtu aliyepewa mtoto wa mwingine. Akaja nayo mpaka mezani kwangu.

"Dada, mi sina karti ya ukimbizi. Ile ya zamani iliisha, mpya bado wananizungusha. Ntaandika nini hapa?"

"Andika ukweli. Huu mkutano ni wa kukutetea wewe."

"Afadhali niache tu. Mi nitaimba, nitabeba bango, lakini jina niache."

Nilimcheka. Nikamwambia mbele za watu kwamba hofu kama hiyo ndiyo inayompa Oti nguvu. Akatabasamu kwa aibu. Nikamnyang'anya kalamu nikamwandikia mwenyewe, kwa mwandiko wangu ule unaousifu: jina lake, nambari ya nyumba, hana kadi, simu, na kwenye safu ya sita, Bukavu. Kisha nikamgeuzia karatasi aweke sahihi. Alitia alama ndogo sana. Wageni wengine walikuwa wakitutazama. Walipoona Furaha ameandikwa, nao wakaandika.

Sheria inataka ukiandamana uwape polisi taarifa. Nikaipeleka Jumatatu. Barua ilikuwa ukurasa mmoja, na huo ukurasa mmoja ulitosha. Lakini mimi ni mtu wa viambatisho. Nikapitia saibo, duka la kompyuta, nikatoa nakala ya orodha, nikaibana nyuma ya barua ili waone sisi ni watu makini na si wahuni. Afisa wa kaunta alisoma barua kwa sekunde chache tu. Orodha aliisoma polepole, akageuza, akaisoma tena. Mimi nikasimama pale nikijivuna, nikidhani anapendezwa.

Jumamosi ilifana, siwezi kusema uongo. Tulijaa barabara. Mama Shiro alikuwa ameandika bango kwa rangi nyekundu, "Mgeni njoo, mwenyeji apone," akampa Furaha alibebe mbele kabisa. Furaha aliimba kwa Kiswahili cha kwao mpaka wachoma nyama wa Burma wakatoka na visu mkononi, wakipiga makofi. Oti naye alikuja, akabeba bango la kupinga ubaguzi, maana kulikuwa na soda. Neema alikuwa amenishika mkono. Wakati wa kurudi Furaha aliniambia, "Dada, leo nimesahau kama mi ni mgeni." Nilijisikia kama nimemjengea nyumba.

Jumanne walikuja. Ilikuwa saa tatu asubuhi, jua limeshatoka vizuri, watoto wako shule. Ghala letu lilikuwa limefungwa linapuliziwa dawa ya wadudu, kwa hiyo nilikuwa uani nafua. Lori likasimama nje ya geti, wakaingia askari wanne. Hawakupiga kelele wala kuvunja mlango wa mtu. Hawakuwa na sababu ya kuvunja. Yule wa mbele alikuwa na karatasi, akitazama nambari za milango na kugonga alipotaka kugonga. Mlango wa Mkenya aliuruka. Nikajua ile karatasi kabla sijaiona vizuri. Niliujua mstari wangu wa kulia, ule wa rula.

Waliwatoa mmoja mmoja, kila aliyekuwa na jina la mahali pa nchi nyingine katika safu ya sita. Wenye kadi na wasio na kadi, wote lorini, wataulizwa mbele ya safari. Walipofika kwa Furaha, alikuwa ameketi mlangoni anakanda unga. Akanyoosha mikono, imejaa unga, kama mtu anayeonyesha hajaiba.

Yule askari akatugeukia sisi wenyeji tuliokuwa tumesimama uani kama kuni. "Hii kitu nani aliandika?"

Mama Shiro alikuwa amejibanza nyuma ya kamba ya nguo. Nikasema, "Ni mimi."

"Mwandiko safi sana, mama. Kila mtu na mlango wake. Ingekuwa kazi ya siku tatu, na sasa tutamaliza kabla ya chai ya saa nne. Umetusaidia."

Alisema kwa adabu, kaka. Angenitukana ningepata pa kushika.

Kisha akamuuliza Furaha, "Uko na watoto?"

"Sina," Furaha akasema.

Watoto hatukuwaandika. Mkutano ulikuwa wa watu wazima. Lakini ukutani, kati ya mlango wake na wangu, palikuwa na viatu vidogo vya kanisani vimeanikwa, vyeupe, bado vinachuruzika. Askari akavitazama. Akavigusa kwa ncha ya kiatu chake. "Na hivi ni vya nani?"

"Vya wangu," nikasema.

Ploti nzima inajua mimi sina mtoto. Walishaniimbia hilo kwenye bomba mara ngapi. Askari akamtazama Mama Shiro, na Mama Shiro akainamisha kichwa akasema, "Ni vya wake." Hilo ndilo jema pekee alilolifanya mwaka huu, na namshukuru.

Furaha akanitazama. Nilingoja anilaani, nilitaka anilaani. Akajifuta unga kwenye kitenge, akasema kwa sauti ya mtu anayetoka kwenda dukani, "Mama Neema, hivyo viatu havijakauka. Vigeuze."

Aliniita kwa jina lake, kaka. Kisha akapanda lori bila kugeuka nyuma, kwa sababu angegeuka tungeshindwa wote wawili.

Nimekwenda kituoni mara nne. Mara ya kwanza waliniambia wamepelekwa kambini kaskazini, mara ya pili wakasema wengine wamevushwa mpaka. Mara ya nne afisa alifungua kitabu kikubwa, akateremsha kidole, akasema, "Furaha? Huyo hayuko kwa orodha." Nikamwambia jina nililiandika mimi mwenyewe, mnalo hapo. Akasema, "Hiyo ilikuwa orodha yenu, si yetu." Simu yake haipatikani tangu siku ile.

Mtaa umeendelea. Mama Shiro ameliziba dirisha lake lililovunjika kwa lile bango, maneno yametazama ndani. Alinituma nilete kitabu changu cha kumbukumbu kwa ajili ya mkutano wa shukrani kwamba maandamano yalifana. Nikamwambia kimeliwa na panya. Na Oti, juzi nilipofika bombani, akanipisha mbele kwa heshima: "Niaje, auntie. Chota wa kwanza. Umetusort kabisa, si unaona vile foleni imekuwa fupi?" Hakuwa akinidhihaki. Alikuwa akinishukuru kwa moyo wake wote. Na maji nilichota, kwa sababu mtoto alitaka kuoga.

Sasa sikia ninachokuomba, na usinijibu kwa methali. Neema hawezi kukaa hapa. Watu wanajua, na siku mmoja akigombana nami juu ya kamba ya nguo atakwenda kuwaambia askari. Shule zikifungwa nitamleta kwako. Waambie watu ni binti yangu niliyemzaa huku mjini kwa siri. Waache waniite malaya, jina hilo nitalibeba, si zito kama ninalolibeba. Mwandikishe shuleni kwa jina letu. Wakikupa fomu wakauliza anatoka wapi, andika hapo nyumbani. Ijaze wewe kwa mkono wako, mimi fomu siwezi tena. Najua ulivyosema juu ya kikapu na kitanda. Kitanda atalala na mama, ni mdogo, hachukui nafasi. Ukikataa niambie wazi, ila ujue mama yake alipoulizwa kama ana mtoto alijibu hana, ili mtoto aishi, na mimi nilimwahidi kwa macho tu.

Msalimie mama, umwambie dawa ya kuchua goti iko kwa mwalimu Simiyu. Msalimie wifi yangu Nasimiyu, na shangazi Nanjala mwenye kuku, na mzee Barasa anayegonga kengele ya kanisa. Waambie niko salama kazini.

Neema naye alitaka kukusalimu. Nilimwachia nafasi chini ya ukurasa huu, nikaenda kutazama ugali. Niliporudi alikuwa amechora mistari kwa rula na kuandika jina lake lote, na la mama yake, na Bukavu, mahali ambapo hajawahi kupaona. Mwandiko wake ni mzuri, ni mimi niliyemfundisha. Nimekikata kipande hicho kwa makasi na kukitia kwenye moto wa jiko mbele ya macho yake, na mpaka sasa ninapofunga barua analia, anauliza amekosea wapi. Ndiyo sababu karatasi imekuwa fupi huku chini.

Ni mimi dada yako. Jina langu unalijua.