Siku Niliyotangulizwa Mbele ya Deusi

Mjukuu wangu Anita,

Marahaba, shikamoo yako imenifikia hapa Mpui. Sisi ni wazima. Ulezi umeshavunwa, na shangazi yako amejifungua mtoto wa kike.

Unaniuliza kama kweli ulishinda mashindano yenu ya mwaka ya gofu huko Arusha, maana mwenye mikwaju michache ndiye mshindi, na wachezaji wachanga hupunguziwa mikwaju kwenye hesabu ili wakaribiane na mabingwa. Ulishinda, mama. Hata mimi niliwahi kutangulizwa.

Nikiwa msichana, kila mwaka baada ya mavuno tulishindana baiskeli kutoka hapa hadi Sumbawanga mjini. Wasio na kasi walianza mapema. Deusi, bingwa wetu, alianza mwisho. Mwaka ule alinikuta kwenye mlima wa mwisho. Nilisikia anavyohema mgongoni kwangu, nikasimama kwenye pedeli, nikakanyaga mpaka macho yakaingia kiza. Nilimshinda kwa gurudumu moja.

Watu wakanong'ona kwamba nimebebwa. Nikataka kurudisha kitenge nilichozawadiwa, lakini Deusi akanizuia, jasho likimtiririka.

"Dada, kaa nacho. Miaka yote nilikuwa nakimbia peke yangu. Leo ndiyo nimeshindana."

Mwaka uliofuata kamati ikaniambia, "Wewe sasa utaanza karibu na Deusi." Mama yangu akalalamika kwamba wananionea. Mimi nilifurahi kuliko siku ya kitenge.

Mwakani wakikunyima hilo punguzo la mikwaju, nipigie simu tushangilie.

Bibi yako,
Skolastika