Ndoano Uliyoinyoosha kwa Moto

Kaka Hamisi,

Watu bado wananiambia siku yako ilikuwa imefika. Mimi na Mungu hatuna ugomvi. Nagombana na wao, wanaotaka ninyamaze.

Ndoano ya winchi ilifunguka, injini ya lori ikakuangukia. Na ndoano ile uliinyoosha mwenyewe, nikikuona, hapahapa gerejini, mtaani Gerezani. Ilikuwa imepanuka mdomo baada ya kubebeshwa mzigo mzito mno. Ukaipasha moto mpaka ikawa nyekundu, ukaigonga ikarudi, ukaipaka rangi ya njano. "Zai, umeona? Mpya kabisa hii!" Ulicheka, jasho limejaa kwenye ndevu. Ah, kaka. Ulivyokuwa unapendeza ukicheka.

Baada ya arobaini yako nilikwenda kumuuliza mwalimu wa ufundi. Akaniambia ndoano hupashwa moto na kupozwa kwa mpango kiwandani, ndipo inapopata nguvu. Ikishapanuka, ujue imezidiwa. Ukiitia moto tena ukainyoosha, nguvu ile inaondoka, na kwa macho huoni kitu. Nilirudi kwa miguu kupitia Kariakoo nikilia waziwazi. Wapagazi walinipita na marobota kichwani: "Pole dada, lakini njia! Njia!"

Sasa sikia. Juzi mteja kaleta ndoano iliyopanuka. Mzee Mponda, mwenye gereji, akanipa mtungi wa gesi.

"Nyoosha, Zai. Kaka yako angeimaliza mara moja."

"Ndiyo, Mzee. Na ndiyo maana tumemzika."

Mteja akachukua ndoano yake akaondoka. Mimi nikazishusha ndoano nyingine mbili za njano zilizobaki gerejini, kazi ya mikono yako, nikawasha grainda. Nilizikata vipandevipande, Hamisi. Rangi yako ilikuwa inaungua, na mimi sikuacha.

"Kusanya vitu vyako uende," Mzee akasema.

"Siendi. Nifukuze kwa kunibeba."

Hakuna aliyenishika. Juma, uliyekuwa unakula naye mchana sahani moja, akaenda kwenye winchi yake, akachomoa ndoano, akaiweka mbele yangu. Hiyo aliinyoosha yeye mwenyewe. "Na hii," akasema. Basi nikaikata.

Mzee aliondoka bila kuaga. Asubuhi yake alirudi na ndoano mpya, akazifunga mwenyewe. Mpaka leo nikimpa shikamoo anaitika huku ameangalia pembeni. Aangalie anakotaka. Ndoano ni mpya, na injini inaponing'inia hapiti mtu chini yake. Wakisahau, nawafokea. Mimi, mwanamke, mdogo kuliko wote pale, nafoka na wanasogea.

Mama ananikanya nisimseme vibaya marehemu. Simsemi vibaya. Ulinifundisha kazi wakati wenzako wanasema gereji si pahali pa msichana, na hilo nalisema pia, kila siku. Lakini ulikosea, kaka, na kosa lako halikuwa kudra. Lilikuwa moto na nyundo, na watu tuliosimama tukishangilia.

Pumzika. Mimi nabaki hapa. Nakuahidi, yeyote atakayeshika ndoano na moto mbele yangu nitamtajia jina lako na kilichokuua, hata akiwa nani.

Nakupenda, Hamisi. Na bado nakukatalia kosa lile.

Mdogo wako,
Zai