Makapi ya Tanuri: Kikao cha Kamati ya Maabara ya Nyenzo

TAREHE: Jumatano, alasiri
MAHALI: Chumba cha darubini
WALIOHUDHURIA: Mwenyekiti (Profesa), Mhadhiri, Katibu
MWALIKWA: Mwanafunzi wa uzamivu, mpwa wa Mwenyekiti
HAKUFIKA: Mhasibu, bila udhuru, kama kawaida yake

KUMB. NA. 1/ KUFUNGUA
Mwenyekiti alifungua kikao akiwa amesimama, na hakuketi hadi mwisho. Alieleza kwamba ajenda ni moja: kufunga utafiti wa Mwanafunzi, na tanuri apewe Mhadhiri.

KUMB. NA. 2/ UTAFITI WA MWANAFUNZI
Mwenyekiti alikumbusha utaratibu aliouweka mwenyewe. Fuwele za molibdeni na salfa, zenye unene wa tabaka moja tu, hukuzwa tanurini, kisha huchaguliwa kwa darubini. Pembetatu zilizonyooka hupimwa. Zilizomeguka huitwa makapi na hutupwa. Mwanafunzi alikuwa amepima makapi.

Mwanafunzi alijibu, "Mjomba, pembetatu ziliniishia." Mwenyekiti alielekeza aitwe Mwenyekiti. Mwanafunzi aliendelea kwamba makapi yalitoa hidrojeni kwenye maji mara nne zaidi, ingawa kitu ni kilekile. Uso bapa umelala tu, alisema, kazi inafanywa na kingo, na kilichomeguka kina kingo nyingi.

Mwenyekiti alisema huo ni uchafu ulioingia kwenye sampuli. Mhadhiri aliafiki kabla sentensi haijaisha. Mwanafunzi aliomba wapime palepale, kwani mtambo wa kupimia hidrojeni ulikuwa mezani. Walipima. Kwa pembetatu, sindano ya mita ilijivuta. Kwa makapi iliruka. Mwenyekiti aliagiza irudiwe, ikaruka tena. Katibu aliuliza aandike nini, kisha akaandika ilivyokuwa.

KUMB. NA. 3/ MENGINEYO
Mhadhiri alisema, kwa sauti ya chini, kwamba mwanafunzi mwenzake wa zamani aliwahi kuleta matokeo kama haya. Huyo aliambiwa na Mwenyekiti kwamba ana mikono michafu, na utafiti wake ukafungwa humu humu. Siku hizi anatengeneza simu.

Mwenyekiti alizunguka meza, akaenda dirishani, akarudi. Alisema ajenda imeondolewa, Mwanafunzi aendelee na tanuri lake. Kisha aliuliza kama kuna mwenye namba ya yule kijana.

Katibu alisema kijana huyo ni mumewe, na kwamba angemuuliza kwanza kama anataka kupigiwa.

Wajumbe walitoka saa kumi na nusu, bila yeyote kutamka kwamba kikao kimefungwa.

Mwenyekiti: (saini)
Katibu: (saini)