Siku Niliyolala Ufukweni na Hamisi

Mjukuu wangu Zuhura,

Assalaam alaykum. Sisi huku Msimbati wazima, na mikorosho imeanza kutoa maua. Nimefurahi kusikia unachora kitabu cha maisha yako na mchumba wako Rashidi, na kwamba hamfichi kuwa anaishi na virusi vya UKIMWI. Umeniuliza nilimkubali vipi babu yako Hamisi, ilhali nilijua naye anavyo.

Aliniambia mwenyewe ufukweni, nikiwa mjane bado kijana.

"Nina virusi, Somoe. Ukiondoka sitakulaumu."

Nilijilaza mchangani, mawimbi yakanibembeleza, usingizi ukanichukua.

Nilipofumbua macho, jua lilikuwa limehamia upande wa pili, lakini uso wangu ulikuwa kivulini. Hamisi alikuwa akisogea nalo kidogo kidogo ili lisinichome, mpaka shingo yake ikababuka.

"Umekaa hivyo muda wote?"

"Ulikuwa umelala vizuri," akasema.

Nikamwambia alete posa.

Mpaka leo anameza dawa zake, mimi sijaambukizwa, na hapa ananisumbua nikufikishie salamu zake. Ukituchora, tuchore tukicheka. Siku ile, nilipotaja posa, tulicheka mpaka watu wakageuka kututazama.

Ni mimi bibi yako,
Somoe