Kwa Baba Mkwe, Aliyetengeneza Alteneta kwa Betri ya Tochi

Baba mkwe wangu mpendwa,

Shikamoo. Najua ungeitikia marahaba huku unatazama pembeni, nami ningekuwa nimepiga goti, macho chini. Miaka yote niliyokaa nyumbani kwako Kiseke sikuwahi kukuangalia vizuri usoni, maana ndivyo wakwe tunavyoishi kwetu. Leo nimepata ujasiri wa kukuandikia kwa sababu kuna jambo la ile safari ya Sengerema ambalo hukuambiwa.

Kaka yangu alipiga simu asubuhi: mama amezidiwa, anakuulizia, njoo. Mwanao alikuwa safarini Dar. Ulisikia kilio changu jikoni. Nikasikia tu gari likiwashwa nje. Nikapanda kiti cha nyuma, wewe mbele, tukaenda kimya kama watu waliogombana.

Daraja la kuvukia ziwa lilikuwa bado linajengwa, kwa hiyo tulikuwa tunawahi kivuko cha Kigongo ili tuvuke hadi Busisi. Kabla hatujafika, taa nyekundu ya betri ikawaka. Ukapiga honi kuijaribu, ikalia kama mbuzi mgonjwa. Ukaegesha kando ya majabali.

“Mama,” ukasema, maana ndivyo ulivyoniita, “alteneta haichaji. Tunakula betri tu. Ikiisha, tutazimikia kwenye foleni ya kivuko.”

Mabasi yalikuwa yanapita yamejaa. Mimi nilitaka kumkuta mama yangu akiwa hai, basi, sikutaka kingine chochote duniani.

Ulifungua boneti, ukapapasa mfuko wa shati, ukaguna. Miwani ilikuwa imebaki nyumbani. Fundi umeme wa magari aliyezeekea karakana ya Kirumba, unaona ng'ombe aliye ng'ambo ya ziwa lakini huoni kidole chako mwenyewe! Ukaniita nishuke. Ukaweka bisibisi juu ya bodi, ukarudi nyuma, ndipo nikaichukua, maana mkwe hapokei kitu mkononi mwa mkwe.

Uliniambia nibonyeze mkanda unaoizungusha alteneta, ulikuwa umekaza vizuri. Ukawasha swichi bila kuwasha injini, ukaniambia niguse nyuma ya alteneta kwa ncha ya bisibisi.

“Bisibisi inavutwa?”

“Haivutwi, baba.”

“Basi humo ndani sumaku imelala. Betri huipa umeme kidogo kwanza, ikaamka, ndipo ikizunguka inarudisha mwingi. Kaboni zimeisha.”

Sikuelewa hata nusu. Ukaniamuru nichomoe waya wa betri ya gari, nifungue kifuniko, nitoe vijipande viwili vyeusi ambavyo ndivyo hupeleka umeme kwenye sumaku. Kimoja kilikuwa kimelika, kimebaki kama ukucha wa mtoto. Nikakuelezea kwa kukipima kwenye kidole changu, nawe ukatikisa kichwa. Kisha ukachukua tochi yako kwenye dashibodi, ukatoa betri moja, ukaipasua kwa jiwe. Katikati yake palikuwa na kijiti cheusi.

“Hii nayo ni kaboni. Sugua.”

Nikapiga magoti kwenye jabali, nikasugua kijiti cha tochi juu ya mwamba wa Mwanza kama mtu anayesaga mtama, huku nalia. Ulikuwa unakipapasa kwa kidole gumba, unasema bado, upande huu, bado. Hukuona kitu lakini ulijua kila kitu. Nilistaajabu, baba, na mpaka leo sijamaliza kustaajabu.

Tulikifunga kijiti vizuri kwa kiwaya cha ile kaboni ya zamani, lakini kurudisha kaboni ndani kulinishinda. Springi ilikuwa inazisukuma nje kila nikijaribu. Mikono miwili haikutosha. Ukasimama kidogo, ukatazama ziwa, ukasogea, ukashika vidole vyangu na kuvikandamiza mahali pake.

“Mungu anaona tunatengeneza gari,” ukasema.

Tulirudisha waya, ukawasha swichi, nikasogeza bisibisi. Ikavutwa! Iling'ang'ania pale kama imeshikwa na mtu aliye ndani. Nikapiga kigelegele barabarani, mimi niliyekuwa naenda kumwona mgonjwa. Betri ilikuwa imechoka, wapita njia wakalisukuma gari, injini ikaitika, na ile taa nyekundu ikazimika. Kwenye kivuko ulimbembeleza mhudumu kwa unyenyekevu mpaka akakuruhusu usizime injini.

Mama alikuwa hai. Alinitambua, akaniita jina langu la utotoni, akaushika mkono wangu uliojaa masizi. Hayo nilimwambia mwanao, naye alikwambia. Usilolijua ni hili. Gari lilikuwa bado linanguruma uani kwa sababu uliogopa kwamba ukilizima halitawaka. Mama akatega sikio.

“Nani huyo nje?”

“Baba mkwe. Ndiye kanileta.”

Akakunja uso, uso uleule wa kunigombeza nilipomwaga maziwa utotoni.

“Na mmemwacha nje? Mwambie azime hilo gari, aingie ndani ale.”

Hakusema tena neno. Alilala, na jua halijazama akawa ameondoka. Nilipotoka ulikuwa umenipa mgongo, mkono juu ya boneti, nami nilishindwa kukuambia. Siku ya msiba, mkwe amkaribishe baba mkwe mezani, nani angenielewa? Baadaye kila nilipotaka kusema, adabu ilinifunga mdomo. Kisha nawe ukatutoka.

Siku hizi navuka darajani kwenda kuwaona ndugu zangu, sisubiri kivuko tena. Kila ninapowasha gari naitazama ile taa mpaka izimike. Nguvu ile sijawahi kuiona kwa macho, lakini ndiyo iliyonifikisha kwa mama yangu akiwa na pumzi ya kuniita.

Sasa wewe na yeye mko upande mmoja. Ujumbe wake umechelewa, baba, lakini nimeufikisha. Zima gari. Ingia ndani, ule.

Asante, baba. Wabeja sana.

Mkwe wako,
mama wa wajukuu zako