Kwa Nini Ukurasa Wako Ulitoka Alhamisi

Mama,

Nyumba hii ya Makomeno iko kimya mno. Nasonga bukari ya mtu mmoja na bado inabaki, kwa sababu mkono wangu haujajifunza kupima bila wewe. Simu yako ninayo. Kila asubuhi naichaji na kuiweka mezani palepale ulipokuwa ukiiweka, karibu na kikapu cha vitunguu, halafu nakaa nayo. Miezi mitatu haikulia, na kosa lilikuwa langu.

Ulipofariki, mkuu wa gazeti alinikabidhi ukurasa wako wa mapishi. Nisikufiche, nililia na kufurahi siku hiyohiyo. Jambo la kwanza nililofanya ni kuuhamisha kutoka Alhamisi kwenda Jumamosi. Hakuna aliyenilazimisha. Niliona ndiyo akili: watu hula pamoja Jumapili, basi wape mapishi siku moja kabla. Mkuu alikuwa amekuomba hivyo miaka yote, nawe ulimjibu vilevile kila mara, mkoba umeshautia begani: "Alamisi njo siku yake. Mukikataa, mi naenda kwangu." Nilikutania kwamba umeolewa na Alhamisi. Ulicheka, hukunieleza kitu.

Unazikumbuka Ijumaa zetu? Simu yako, ambayo namba yake ilichapwa juu ya ukurasa, ilianza kulia kabla ya adhuhuri, ikaendelea mpaka jua linashuka, wanawake wa mitaa ya Katuba na Ruashi, na swali karibu ni lilelile: baada ya vitunguu, kunafuata nini? Mimi niliudhika. Si yameandikwa yote? Nilidhani hawasomi vizuri, au wanataka tu kusikia sauti yako. Wewe ulimjibu kila mmoja kama ndiye wa kwanza, ukikoroga sufuria kwa mkono mwingine, na mwishoni ulimuuliza ana watoto wangapi nyumbani ili umpimie chumvi.

Basi nilipohamia Jumamosi, simu ikanyamaza. Nikajiambia wamekupenda wewe, na mimi si wewe. Nilibadilisha maneno, nikaweka picha, nikaweka keki. Keki, Mama, samahani. Hakuna aliyepiga. Wiki mbili zilizopita mkuu akaniambia kwa upole kwamba ukurasa usiosomwa ni nafasi inayopotea, akanipa mwezi mmoja. Nilitoka ofisini nikitafuta mtu wa kumwambia, na mtu huyo alikuwa wewe. Niliona ukurasa ukifungwa utakuwa umekufa tena, na mara hii kwa mkono wangu.

Ijumaa iliyofuata nikaenda sokoni kutafuta samaki wanaoletwa kutoka Kasenga. Tangu mazishi sikuwa nimekwenda. Hiyo ilikuwa safari yako. Wajua gari lao huingia Ijumaa alfajiri kwa njia ya Kasomeno, na siku nyingine za wiki meza zile huwa tupu. Mama Ngoie, muuzaji uliyekuwa ukimwita dada, alinitambua kwa pua yangu, akasema ni yako. Akanichagulia samaki wawili. Nikamwambia mmoja ananitosha. Akavuta gazeti la jana kutoka rundo lililokuwa chini ya meza, akamfunga samaki wangu ndani ya habari za mpira. Kisha akasema:

"Ile karatasi ya mama yako, banamama balikuwa banaigombania. Alamisi inatoka, kesho yake yenye inabakia inakuya huku. Yeye mwenyewe njo alikuwa anatuletea. Sasa minatuma mutoto aikamate, na minafungia bantu samaki mu mupira. Mupira habaipikake."

Niliduwaa pale na samaki mkononi. Kumbe wengi waliokupigia hawakuwahi kununua gazeti hata siku moja. Walinunua samaki. Wakifika nyumbani wanamfungua, na wewe uko palepale unawaambia wamfanye nini. Ndiyo maana kila wiki ilikuwa samaki, samaki, mpaka nikakulalamikia. Ndiyo maana ulimsumbua yule anayepanga kurasa aweke herufi kubwa, katikati, mbali na kingo. Na wale wanawake walikuwa wanajua kusoma vizuri kabisa; ni maji ya samaki yaliyokuwa yamekula mistari ya mwisho. Nikamuuliza Mama Ngoie, na magazeti ya Jumamosi huenda wapi? Akasema huchukuliwa na mafundi rangi, wanayatandika sakafuni wakipaka kuta. Keki yangu ilikanyagwa na mafundi rangi.

Najua kwa nini hukumwambia mkuu. Anajivunia gazeti lake mno, asingependa kusikia linapendwa kwa kufungia samaki. Lakini mimi, Mama? Mimi ungeniambia. Nilikukasirikia siku mbili nzima. Nilimpika yule samaki kwa hasira, nikatia pilipili nyingi, nikamla peke yangu huku nalia, na sikutaka kujua kama ni pilipili au ni wewe.

Jumatatu nikaenda kwa mkuu, mkoba begani, nikamwambia Alhamisi ndiyo siku yake. Alinitazama sana. Nadhani alikuona wewe. Akasema haya, mpaka mwisho wa mwezi, kisha tutaona.

Jana ukurasa ulitoka: samaki kwa nyanya na majani ya lengalenga. Leo alfajiri nimebeba mwenyewe magazeti yaliyobaki mpaka kwa Mama Ngoie, nikarudi, nikakaa mezani na simu yako. Imelia mchana. Sauti ya mwanamke, na sahani zinagongana nyuma yake: "Allo, Mama? Kisha tomati, tunatia nini?" Nilitaka kumwambia umefariki. Badala yake nikasema lengalenga, mafuta kidogo, ufunike. Halafu nikamuuliza ana watoto wangapi nyumbani. Sita, akasema. Nikampimia chumvi.

Amekata, na nyumba imerudi kimya kilekile. Sitakudanganya kwamba kimepungua. Ndipo nikachukua karatasi nikuandikie.

Sijui mkuu ataamua nini. Lakini nakuahidi, ukurasa ukiwepo au usiwepo, kila Ijumaa alfajiri nitakuwa kwenye meza ya Mama Ngoie na mapishi yako, hata kama ni ya kuandika kwa mkono, herufi kubwa, katikati ya karatasi. Pumzika, Mama. Mungu akuangalie huko kuliko nilivyokuangalia mimi. Ningeendelea, lakini simu yako inalia.

Mwanao,
Mariamu